Neri Aliposimama Kwenye Foleni Yake Mwenyewe

"Watano," kijana wa mapokezi alisema.

"Watano nini?"

"Chumba chako kinaruhusu watu watano, bi mkubwa. Majina matano, pasi tano. Sheria ya zimamoto."

Nereida Quiñones akashika kaunta kwa mikono miwili. Nyuma yake, kwenye makochi meupe ya Hoteli ya Magnolia, dada yake Iraida alikuwa amekaa wima kama yuko kanisani, mkoba mapajani. Yarelis, binti wa Iraida, alikuwa akihangaika kuwazuia watoto wake watatu wasiingie kwenye chemchemi. Hao ni watano. Neri ndiye wa sita.

"Sikiliza mwanangu." Neri akainama, akashusha sauti. "Sisi hatulali hapa. Kitanda chenu hatukigusi. Mataulo yenu hata hatuyakunjui. Tunataka pasi tu."

"Kila mkazi wa Orlando ananiambia hivyo hivyo," kijana akajibu, wala hakuwa na ubaya. "Hata mimi nilimfanyia mama yangu mchezo huo huo. Lakini ni watano."

Mchezo wenyewe ni huu. Bustani ya michezo ya Osprey Bay ina hoteli tatu kubwa. Ukilala humo unapewa pasi ya bure ya njia ya haraka, ile inayokupeleka mbele ya watu waliosimama tangu asubuhi; asiyelala humo huinunua kibandani kwa bei ya kuumiza. Na pasi haisubiri ulale. Inaanza kazi asubuhi ya siku unayoingia mpaka bustani inapofungwa siku unayotoka. Usiku mmoja, siku mbili. Kwa hiyo wenyeji wanachukua chumba cha bei ya chini kabisa, wanaokota pasi, wanarudi kulala kwao Kissimmee, mji wa jirani, kitanda cha hoteli kinabaki kimetandikwa hivyo hivyo na chokoleti yake juu ya mto.

Neri alikuwa amefanya kazi Osprey Bay miaka kumi na tisa. Kumi na tisa! Pasi za hoteli zilikuwa zimepita mbele ya mashine yake mpaka akiwa jikoni kwake anasikia tiii, tiii. Lakini jinsi zinavyozaliwa, kwamba zinafuata idadi ya vichwa chumbani, hakuwahi kuambiwa na hakuwahi kuuliza. Alihesabu watu sita, akalipa chumba kimoja, akajua mambo yamekwisha.

"Kuna nini?" Iraida akauliza alipomwona anarudi na karatasi.

"Hakuna kitu. Zenu hizi hapa. Mimi nina kitambulisho cha kazi, naingia bure."

"Nacho kinakupitisha mbele?"

Neri akapanga zile karatasi upya. Kitambulisho cha kazi kinakuingiza getini, basi. Ndani unasimama kama kila mtu.

"Neri. Kinakupitisha mbele?"

"Mimi nimezoea kusimama, dada. Nasimama kila siku."

Hapo alisema uongo bila kujua. Kila siku alikuwa anasimama, ndiyo, ila upande mwingine wa mnyororo unaozuia foleni.

Iraida alikuwa na miaka sitini na sita, Neri sitini na mmoja. Mdogo ndiye aliyeondoka kisiwani kwao, mji wa Ponce, mumewe alipofariki, akaja Florida na begi moja. Mkubwa alibaki na mama yao, akamwosha, akamlisha, akamzika. Hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote mpaka wiki ile. Na kilichomuuma Neri zaidi si mazishi, maana mazishi alikwenda. Ni kile kimbunga kikubwa. Wiki tano simu hazikupita, hakujua kama dada yake yuko hai. Simu ilipopita, Iraida hakulia. Alisema kitu kimoja tu: "Neri, nimechoka na foleni." Foleni ya maji, foleni ya petroli. Foleni ya barafu kutwa nzima, na ukifika barafu imeisha.

Neri akamwahidi pale pale kwenye simu: siku ukija kwangu, hutasimama foleni hata moja.

Iraida naye alitaka kitu kimoja tu Florida nzima. Hakutaka maduka wala picha na mtu aliyevaa kichwa bandia cha ndege. Alitaka kupanda Mamba. Mamba ni ile treni kubwa ya Osprey Bay, ya kijani, inayopanda mpaka unaona ziwa halafu inakuangusha kichwa chini. Miaka kumi na tisa Neri alikuwa akimsimulia Mamba kwenye simu kila Jumapili. Mamba leo kaharibika, Mamba leo kamtapisha askari.

"Tukae kiti kimoja, mimi na wewe," Iraida alisema. "Hata mara moja. Nikirudi niwaambie watu nimeona unapofanyia kazi."

Basi. Jumamosi Mamba akawa amefungwa, gurudumu moja lina shida. Yarelis na wanawe wakapanda kila kitu kingine kwa pasi zao, wanaingia hapa wanatokea pale, kama wana funguo za mji. Neri akashika mabegi na chombo cha wali wa mbaazi aliopika mwenyewe. Iraida akakaa naye benchi, akakataa kupanda chochote.

Jumapili tangazo likatoka: Mamba atafunguliwa saa sita mchana. Na saa kumi kamili, Iraida na familia walitakiwa wawe kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege.

Saa sita kasoro dakika tano Neri alikuwa mbele ya bango. Bango la kuingilia foleni ya kawaida linaandika lenyewe muda wa kusubiri. Liliandika dakika sabini na tano.

"Nasimama na wewe," Iraida akasema.

"Husimami."

"Dakika sabini na tano ni nini, Neri? Nimesimama siku nzima kwa mfuko wa barafu!"

"Ndiyo maana husimami! Nilikuahidi au sikukuahidi?" Neri akapaza sauti mpaka watu wakageuka. "Sikia mpango. Mimi naingia huku kwa kawaida. Nikikaribia mwisho nakupigia. Wewe unaingia njia ya haraka, dakika kumi tu umefika. Njia zote mbili zinakutana sehemu moja, pale ninapofanyia kazi. Tunakutana pale, tunapanda pamoja. Saa nane tumeshashuka, tunakula barafu ya nazi."

"Na kama bango linadanganya?"

"Bango la kompyuta hilo, dada. Litadanganya kwa faida ya nani?"

Iraida akauchukua mkoba wake. Halafu akaenda kukaa.

Pale njia mbili zinapokutana, wafanyakazi wanapaita kooni. Kuna mnyororo mmoja, na mtu mmoja. Mtu huyo anashika mashine ya pasi kwa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto anakinyoosha kuwazuia wa foleni ya kawaida. Treni ya Mamba inabeba watu thelathini. Siku ya kawaida, kwa kila mmoja wa foleni ya kawaida wanaingia wanne wa njia ya haraka. Hesabu haiandikwi popote kwa wageni. Msimamizi anaitamka asubuhi, mtu wa kooni anaibeba kichwani. Neri alikuwa bingwa wa kooni. Watu walilia mbele yake, walimtukana, mmoja alimpa pete ya ndoa ashike dhamana. Kiganja hakikushuka. Vijana wapya wote waliletwa kwake wajifunze, na somo lake lilikuwa fupi: "Akija mama yako mzazi, mnyooshee kiganja."

Leo akaingia ndani ya utumbo wa foleni.

Kitu cha kwanza kilichomshtua ni urefu. Kumbe njia ile inazunguka nyuma ya jengo la mashine, inaingia kwenye banda la bati, inatoka, inarudi tena kwenye banda lile lile upande wa pili! Miaka kumi na tisa hakuwahi kuiona. Yeye aliona watu wakitokea kwenye kona ya mwisho tu, wameshakuwa na zile nyuso zao, akadhani ndivyo walivyozaliwa.

Kitu cha pili, feni za bandani hazizunguki.

"Hizi feni vipi?" akauliza.

"Mapambo," akajibu mwanamke aliyekuwa mbele yake. Alikuwa mama mnene kutoka Alabama, anajipepea na ramani ya bustani, binti yake wa miaka kumi na miwili amemwegemea kama gunia. Jina lake Loretta. Waliendesha gari saa tisa nzima. "Mwaka juzi zilikuwa mapambo vile vile. Mara yako ya kwanza, mpenzi?"

"Ya kwanza," Neri akasema, na haikuwa uongo.

"Basi jitayarishe. Hapa si kitu. Ubaya uko mbele."

"Mbele kuna nini?"

Loretta akageuka mzima, maana habari hii aliipenda. "Kuna mama mmoja. Mfupi, miwani inaning'inia shingoni. Huyo mama, nakuapia, hajawahi kucheka tangu azaliwe. Anatuhesabu kama mbuzi wa mnada. Wewe, wewe, wewe, simama! Mwaka juzi alimkata mume wangu. Mimi na mtoto tukapita, yeye akabaki nyuma ya mnyororo. Nikamwambia, mama, huyo ni baba wa mtoto. Unajua alinijibu nini? 'Atakuja na treni nyingine.' Mume wangu mpaka leo tukigombana ananiambia nitakuja na treni nyingine!"

Watu wa karibu wakacheka. Kijana mmoja nyuma akadakia, "Namjua huyo! Dada yangu anamwita Pilato."

Neri akaishika miwani yake shingoni, akaivua polepole, akaitumbukiza mfukoni. Masikio yalimwaka moto. Pilato! Yeye, anayepeleka keki ya nazi kazini kila siku ya kuzaliwa ya mtu!

"Labda ni kazi tu," akasema. "Labda kaambiwa."

"Kaambiwa," Loretta akakubali. "Kuambiwa kaambiwa. Kufurahia je, nako kaambiwa?"

Neri akageukia pembeni. Akatazama saa. Saa saba na dakika ishirini. Dakika sabini na tano zilikuwa zimeshakwisha, na hata kona ya kwanza ya banda hawajaikata.

Ndipo radi ikapiga.

Mtu wa Florida haogopi radi ya mchana. Inakuja kila siku ya kiangazi, inamwaga, inaondoka. Lakini treni inayopanda juu vile hairuhusiwi kwenda radi ikiwa karibu. Spika ikasema Mamba amesimama kwa muda, tunaomba radhi. Mvua ikapiga bati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa ishara. Ukitoka kwenye foleni umepoteza nafasi. Hakuna aliyetoka. Binti wa Loretta akakaa chini kwenye saruji. Neri akafungua chombo chake, akawapa wali wa mbaazi kwa kijiko kimoja, wakapokezana watu sita wasiojuana.

"Hii nini, mbona tamu hivi?" kijana wa Pilato akauliza, mdomo umejaa.

"Kula, unyamaze," Neri akamwambia.

Simu ikaita. Iraida. "Uko wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi? Hapa nje mvua, watu wa njia ya haraka wamejaa wanangoja. Mia mbili, mia tatu. Neri, njoo utoke. Tukae tuongee. Tumebakiza saa mbili."

Neri angetoka. Hapo ndipo angetoka, kama angekuwa mtu mwingine. Lakini alikuwa ameshasimama saa nzima na zaidi, na mtu aliyeshasimama hivyo anashindwa kuitupa saa yake. Foleni inakushika kwa kile ulichokwisha kuilipa.

"Ikifunguka tu dakika ishirini," akasema. "Niamini."

Mamba alifunguka saa nane na robo. Watu wakapiga makofi. Neri hakupiga, maana kichwani alikuwa ameshakumbuka jambo. Treni ikisimama halafu ikaanza tena, hesabu ya kooni inabadilika. Wa njia ya haraka hawatakiwi kungoja, wamelipia hoteli. Kwa hiyo inakuwa tisa kwa mmoja mpaka njia yao ikauke. Katika treni ya watu thelathini, ishirini na saba wanatoka kule. Watatu wanatoka huku.

Watatu!

Yeye mwenyewe ameifanya mara mia. Msimamizi wake, Curtis Vandiver, anakuja na kompyuta yake ya kiganjani, anasema "Neri, tisa", naye anajibu "tisa", wanachekeana. Hajawahi kuifikiria kama muda wa mtu. Ilikuwa namba.

Sasa akaihesabu kwa miguu. Hatua moja. Wanasimama. Hatua moja. Wanasimama. Saa nane na nusu, saa tisa. Binti wa Loretta akalia kimya kimya, hataki kuonekana. Mzee mmoja akaomba kupita kwenda msalani, akaambiwa na watu nenda baba, tutakushikia nafasi, na walimshikia kweli. Neri akapata mshtuko mwingine: kumbe watu hawa, wanaofika mbele yake na nyuso za kuua, huku nyuma wanashikiana nafasi.

Saa tisa na dakika thelathini na tano akaiona kona ya mwisho. Akapiga simu. "Ingia! Ingia sasa hivi!"

"Gari limeshafika nje, Neri."

"Ingia, dada!"

Akakata kona. Na kule mbele, mahali pake pa kila siku, alisimama Fabiola.

Fabiola Jeudy alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, wazazi wake Wahaiti, mwanafunzi bora ambaye Neri amewahi kumfundisha kooni. Mkono wa kulia mashine, wa kushoto kiganja. Nyuma yake Curtis, macho kwenye kompyuta.

"Wewe, wewe, wewe. Simama," Fabiola akasema. Sauti ya Neri ile ile. Hata pumzi aliivuta pale pale.

Mbele ya Neri walibaki watu kumi na wawili, Loretta na binti yake wakiwemo. Treni nne. Dakika nane, tisa. Inawezekana! Upande wa pili wa mnyororo mkondo wa njia ya haraka ulikuwa unatiririka, tiii, tiii, tiii, watu wakavu, wenye nywele zilizochanwa. Treni moja ikaondoka. Ya pili. Na pale katikati ya watu wakavu, na mkoba wake kifuani, akatokea Iraida.

Wakaonana. Kati yao hatua mbili na mnyororo.

"Dada! Ngoja hapo hapo, pembeni!"

"Bibi, songa mbele tafadhali," Fabiola akamwambia Iraida. Iraida Kiingereza hakijui. Akasimama. Nyuma yake mkondo ukamgonga mgongoni.

"Fabi," Neri akasema. "Fabi, ni mimi."

Fabiola akageuka. Mdomo ukabaki wazi. "Mama Neri? Unafanya nini huko?"

Loretta akageuka pia. Akamwangalia Neri juu mpaka chini, ule ufupi, na ile kamba ya miwani inayochungulia mfukoni. Rangi ikamtoka. Akamvuta binti yake karibu.

"Yule ni dada yangu," Neri akasema haraka haraka. "Nivute mmoja tu, Fabi. Mmoja. Ndege yake inaondoka."

Fabiola akatazama nyuma. Curtis alikuwa amenyanyua macho. Kooni hakuna kuongea, hakuna kusimama, hakuna jamaa wala rafiki. Kiganja cha yule binti kilipanda, kikasimama mbele ya kifua cha mwalimu wake.

"Ulinifundisha mwenyewe, Mama Neri," akanong'ona.

Iraida aliona kiganja kile. Hakuhitaji kutafsiriwa. Akaacha mstari wake, akaja mpaka kwenye mnyororo, akaushika ili aunyanyue apite chini, aje upande wa mdogo wake, wasimame wote waliposimama wengine.

"Usiguse mnyororo!"

Sauti ilipasuka kooni nzima. Watu wote wakaruka. Fabiola akatazama huku na huku kuona ni nani, Curtis naye, mpaka wote wakamwona: ni Neri. Ilikuwa ile sauti ya kazi, ya miaka kumi na tisa, imetoka kabla mwenyewe hajaiita. Imetoka kumkaripia dada yake.

Iraida akauachia mnyororo kama umemuunguza. Akarudi nyuma hatua moja, na hatua moja ilitosha. Mkondo ukamchukua. Mtu wa jukwaani akamshika kiwiko kwa adabu, akamwonyesha kiti, akamfunga mkanda. Kando yake akakaa bwana mmoja mwenye kaptula ya maua. Iraida aligeuza shingo mara moja tu. Treni ikaondoka.

Neri alisimama mikono imening'inia. Alikuwa amebakiza watu watatu.

"Njoo," Fabiola akasema, machozi yanamtoka, akafungua kilango cha wafanyakazi. "Toka huku. Utamwahi wanapotokea."

Neri akatoka. Saa tatu na dakika hamsini za foleni akaziacha pale, akakimbia kwa magoti yale ya miaka sitini na moja, akapita duka la fulana, akamkuta Iraida kwenye ngazi. Nywele zimesimama wima. Anashika reli.

"Ilikuwaje?" Neri akauliza.

"Sijui. Nilifumba macho." Iraida akavuta pumzi. "Neri, wale watu."

"Nisamehe. Ile sauti, sikujua. Ilitoka tu."

"Sisemi sauti. Wale watu uliosimama nao. Nimewapita wote! Nimetembea kando yao, wamelowa jasho, mtoto analia, wananiangalia. Mimi! Kwenye foleni ya barafu tungemwona mtu anapita pembeni vile tungemtoa na nguo zake." Akamtazama mdogo wake kama anamtafuta ndani ya uso ule. "Na wewe ndiyo kazi yako hii? Miaka yote hii unanisimulia Mamba, Mamba, mbona hili hukunisimulia?"

"Sikuliona, dada. Nakuapia. Nilikuwa silioni."

Yarelis alikuwa anapunga mkono getini, watoto wameshaingia garini. Ndugu wale wawili walikumbatiana kama watu wanaogombana. Halafu gari likaondoka.

Jumanne Neri alikwenda kwa Curtis kabla ya kuvaa sare. Alitegemea karipio kwa kupiga kelele kooni. Curtis hata hakuligusa. Neri akaomba atolewe kooni, awekwe kule mwanzo, chini ya bango. Curtis akaona mama wa watu amechoka, akakubali.

Na chini ya bango Neri akaanza kusema kweli. Bango likiandika sabini na tano, yeye anawaambia watu usoni: "Msiliamini. Ni saa tatu za kusimama, na radi ikipiga ni nne. Feni hazizunguki. Choo hakuna. Mbele wanachukua watatu kwa treni. Nimesimama mwenyewe." Watu wakamkodolea macho. Wengine wakamshukuru, wakaondoka. Alijua atafukuzwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, alikuwa anasubiri kufukuzwa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anakula vizuri.

Siku ya tisa Curtis akamwita ofisini. Kulikuwa na watu wawili asiowajua, wamevaa suti, na mezani keki.

"Neri!" Curtis akasema. "Sijui umefanyaje, lakini kibanda cha pasi pale karibu na Mamba kimeuza maradufu tangu uhamie. Na mapokezi ya hoteli wanasema watu wanatoka moja kwa moja hapa kwenda kuchukua chumba. Wanasema kuna mama mmoja mkweli."

Neri akakaa bila kuambiwa akae.

"Tunataka ubaki pale pale," akasema mmoja wa wale wa suti. "Useme vile vile unavyosema. Usibadilishe neno."

Ukidanganya wanauza. Ukisema kweli wanauza zaidi. Neri aliangalia keki. Ilikuwa na jina lake, limeandikwa vibaya.

"Kuna chochote unachohitaji?" Curtis akauliza.

"Likizo," Neri akasema. "Wiki mbili. Niende Ponce kwa dada yangu. Nilishaomba jana."

Curtis akafungua kompyuta yake, akatelezesha kidole, akakunja uso. "Uko wa arobaini na moja kwenye orodha. Hiyo ni mpaka Februari." Halafu akatabasamu, akawatazama wale wa suti, nao wakatikisa kichwa kukubali. "Lakini mtu kama wewe tunaweza kumpitisha mbele."

Feni ya ofisi ilikuwa inazunguka vizuri kabisa. Neri aliisikiliza. Kichwani alimwona Iraida ameshika mnyororo ule, anataka kuja upande wake.

"Mbele," akasema. "Niweke mbele."

Alipotoka alimkuta Fabiola kwenye varanda ya wafanyakazi, anafunga kamba za viatu. Fabiola alikuwa nambari ya kwanza kwenye orodha ile ya likizo. Alikuwa anaingoja tangu Machi.

"Umepata lini, Mama Neri?"

"Tarehe ishirini."

"Ishirini ya mwezi huu?"

"Ya mwezi huu."

Fabiola akahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei, akaishia katikati, akainuka kwenda kooni.